Kutoka Namche hadi Tengboche kwa Miguu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Himalaya ni safu ndefu inayopita katika nchi kadhaa, na swali la jumla kuhusu kutembea huko hupata jibu la jumla lisilomfaa mtu. Kwa hiyo majibu yaliyo hapa chini yanahusu siku moja tu, nayo ni ile ya kutoka Namche Bazaar hadi Tengboche, katika eneo la Khumbu, mashariki mwa Nepal. Wengi huipita siku hii wakiharakia kambi ya chini ya Everest na kuihesabu kuwa kituo tu cha njiani. Mwandishi wa majibu haya anaiona kuwa siku bora kuliko zote za njia hiyo, kwa sababu ndiyo siku ambayo mgeni anatembea katikati ya maisha ya watu kabla mawe na barafu havijachukua nafasi yao.

Siku yenyewe huwaje, tangu kuondoka hadi kufika?

Wasafiri wengi huondoka Namche kati ya saa moja na saa mbili asubuhi. Mji huo umejengwa kwa matuta, nyumba juu ya nyumba, katika ubavu wa mlima uliopinda kama bakuli lililovunjika upande mmoja, kwenye mwinuko wa mita 3,440. Kwa hiyo nusu saa ya kwanza ni ya kupanda ngazi za mawe tu, huku kifungua kinywa bado hakijatulia tumboni. Ukishatoka juu ya mji, njia inakuwa pana na inazunguka ubavu wa mlima bila kupanda wala kushuka sana. Mto Dudh Koshi unasikika mbali chini kuliko unavyoonekana, na mbele yako unasimama Ama Dablam, mlima wa mita 6,812 ambao wengi huupiga picha wakidhani ndio Everest. Everest yenyewe huonekana nyuma zaidi, ikichungulia juu ya ukuta wa Nuptse na Lhotse, na mtu asipoonyeshwa anaweza kuipita bila kuitambua. Kando ya njia lipo stupa jeupe, yaani jengo la ibada la Kibuddha, lililojengwa kwa kumbukumbu ya Tenzing Norgay, mmoja wa wawili wa kwanza kufika kilele cha Everest, na Washerpa, wenyeji wa Khumbu, waliohudumu milimani.

Baada ya saa moja na nusu hivi unafika Kyangjuma, ambapo desturi ni kunywa chai, kisha Sanasa, ambapo njia ya Gokyo inaachana na ya Tengboche. Hapo ndipo mambo yanapogeuka. Njia inateremka katika msitu wa misonobari na rododendroni hadi Phunki Tenga, kwenye mwinuko wa takriban mita 3,250, yaani chini kuliko Namche ulikotoka asubuhi. Unavuka mto kwa daraja la nyaya za chuma, unakula chakula cha mchana, unapita magurudumu ya maombi, mapipa yenye maandishi ya sala, yanayozungushwa na maji ya kijito, halafu unaanza kupanda mita 600 mfululizo kwa njia ya vumbi na mizizi inayopinda huku na huku hadi lango la Tengboche. Wengi hufika kati ya saa nane na saa tisa mchana.

Umbali ni kilomita zinazokaribia 10 tu. Kwa nini siku nzima itumike?

Kwa sababu kilomita si kipimo cha huko. Ukimwuliza mkazi wa Khumbu umbali wa kijiji fulani, atakujibu kwa saa, na mara nyingi atakutazama kwanza miguu na mzigo kabla ya kujibu, kwa kuwa saa zake si saa zako. Mabonde ya Himalaya yamechimbwa na mito kwa kina kikubwa, na vijiji vimekaa juu ya vipande vichache vya ardhi tambarare vilivyobaki kwenye mabega ya milima. Matokeo yake ni kwamba vijiji viwili vinaweza kuonana vizuri, hata moshi wa jikoni ukaonekana, na bado mtu akahitaji nusu siku ya kushuka hadi mtoni na kupanda upande wa pili. Kutoka karibu na Sanasa unaiona Tengboche juu ya kilima chake, kama vile ungeweza kuirushia jiwe. Saa tatu baadaye bado unapanda.

Kipimo cha kuaminika ni kujumlisha mita za kupanda. Kwa mtu wa kawaida aliyeanza kuzoea hewa, siku hii huchukua saa tano hadi sita za kutembea, mbali na mapumziko ya chai na chakula. Wenyeji huimaliza kwa muda mfupi zaidi, na hakuna faida ya kushindana nao.

Nimeshapanda Kilimanjaro. Je, njia hii itakuwa rahisi kwangu?

Itakuwa rahisi kwa mapafu na ngumu zaidi kwa magoti. Kibanda cha Horombo katika njia ya Marangu kipo mita 3,720, kwa hiyo aliyelala hapo ameshaonja hewa ya kati ya Namche na Tengboche, na Uhuru yenye mita 5,895 ni juu zaidi kuliko mahali popote ambapo mtembeaji wa kawaida wa Khumbu hufika. Lakini Kilimanjaro ni mlima mmoja: unaupanda siku kadhaa, unaushuka, umemaliza. Huku kila siku ina kushuka kwake na kupanda kwake, na mita ulizozipata kwa jasho asubuhi unaweza kuzirudisha zote kabla ya chakula cha mchana.

Tofauti kubwa zaidi, hata hivyo, ni ya watu. Kilimanjaro, mashamba ya migomba ya Wachaga huishia chini ya msitu, na ukipita lango la hifadhi hukuti tena kijiji. Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha, iliyoanzishwa mwaka 1976 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979, ina vijiji katikati yake, vyenye mashamba ya viazi, shule na ugomvi wa mipaka ya malisho. Njia unayoitembea ndiyo barabara kuu ya eneo hilo. Hakuna gari linalofika huko. Mgonjwa anayebebwa, mwanafunzi, mtawa, gunia la mchele na bati la kuezekea, vyote vinapita hapo hapo unapopita wewe.

Nitafikaje Namche kwanza?

Njia ya kawaida ni ndege ndogo hadi Lukla, ama kutoka Kathmandu, ama kutoka Manthali katika wilaya ya Ramechhap wakati wa msimu wenye wageni wengi. Uwanja wa Lukla una njia ya kurukia ya mita 527 tu, iliyojengwa kwa mteremko, na ndege huruka asubuhi kabla upepo na mawingu havijazidi. Kuahirishwa kwa siku moja au mbili ni jambo la kutarajiwa, na mwenye tiketi ya kurudi Afrika Mashariki siku inayofuata anajitafutia presha. Kutoka Lukla ni siku mbili za kutembea hadi Namche, ambapo inapasa kulala usiku wa pili kabla ya kuendelea.

Kwa nini nilazimike kulala Namche mara mbili ikiwa najisikia mzima?

Kwa sababu mwili hauzoei hewa nyepesi kwa kuamriwa. Katika mwinuko wa Namche, oksijeni inayopatikana kwa kila pumzi ni takriban theluthi mbili ya ile ya pwani. Mwili hujibu kwa kupumua haraka zaidi, kisha taratibu hurekebisha kemia ya damu na kuongeza seli nyekundu, na kazi hiyo huchukua siku, siyo saa. Kanuni inayotumiwa na matabibu wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja. Kutoka Namche hadi Tengboche unaongeza takriban mita 420, kwa hiyo siku hii imo ndani ya kanuni, lakini kwa yule tu aliyeitimiza siku ya mapumziko kabla yake.

Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na kukosa usingizi. Mwenye dalili hizo asipande zaidi hadi ziishe. Mwenye kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, anateremshwa mara moja, hata kama ni usiku, kwa sababu ubongo au mapafu yake yameanza kujaa maji na kungoja asubuhi kunaweza kumuua. Dawa ya asetazolamidi husaidia mwili kuzoea, na daktari ndiye wa kuamua kama inakufaa. Haiondoi haja ya kwenda polepole. Chama cha Uokoaji cha Himalaya, kilichoanzishwa mwaka 1973, kina kliniki Pheriche, siku moja mbele ya Tengboche, na Kunde, kijiji kilicho juu ya Namche, kina hospitali iliyojengwa mwaka 1966 kwa juhudi za Edmund Hillary, aliyefika kilele cha Everest pamoja na Tenzing.

Jambo la mwisho katika hili, na ambalo wengi huona aibu kulisema: vijana wenye nguvu ndio huumia mara nyingi, kwa kuwa miguu yao huwafikisha juu kabla damu yao haijawa tayari.

Msimu gani unafaa?

Oktoba na Novemba hewa huwa safi na milima huonekana. Machi hadi Mei kuna joto kidogo zaidi, ukungu wa mchana, na rododendroni, ambayo Wanepali huiita laligurans na ndiyo ua la taifa lao, huchanua katika msitu wa kabla ya Tengboche. Juni hadi Septemba ni masika ya huko. Desemba hadi Februari panatembeleka kwa mwenye nguo za kutosha na subira na baridi.

Katika msimu wowote, asubuhi ndiyo yenye uhakika. Mawingu hupanda kutoka mabonde ya chini kuanzia adhuhuri, na aliyechelewa kuondoka hutembea saa nzima ndani ya ukungu huku akisimuliwa mandhari na wenzake waliowahi. Saa za Nepal ziko mbele ya saa za Afrika Mashariki kwa saa mbili na dakika 45, jambo la kukumbuka unapotaka kupiga simu nyumbani.

Ni vibali gani vinahitajika, na je, ni lazima kuwa na mwongozaji?

Vibali ni viwili: cha kuingia hifadhini, na cha manispaa ya vijijini ya Khumbu Pasang Lhamu, ambacho hupatikana huko huko njiani. Viweke karibu, kwa sababu hukaguliwa zaidi ya mara moja. Ada hubadilika, hivyo uliza kiwango cha mwaka unaosafiri. Manispaa hiyo inabeba jina la Pasang Lhamu Sherpa, mwanamke wa kwanza wa Nepal kufika kilele cha Everest, Aprili 1993, aliyefariki wakati wa kushuka.

Kuhusu mwongozaji, mwaka 2023 Nepal ilitangaza kwamba wageni wanaotembea milimani wawe na mwongozaji mwenye leseni, lakini uongozi wa Khumbu ulieleza kuwa hautaisimamia kanuni hiyo katika eneo lake. Njia ya Namche hadi Tengboche ni pana na haipotezi mtu. Hata hivyo, kwa msomaji anayefika Himalaya kwa mara ya kwanza, ushauri wetu ni kumchukua mwongozaji, na sababu si njia. Mwongozaji ndiye atakayeona kwamba umeanza kujibu maswali polepole, ndiye atakayejua mwenye nyumba gani bado ana nafasi, na ndiye atakayekueleza kwamba kile ulichotaka kukalia ni ukuta wa sala.

Je, "Sherpa" ni jina la kazi?

La. Washerpa ni watu, wenye lugha yao inayohusiana na Kitibeti, ambao wazee wao walihamia Khumbu kutoka upande wa Tibet karne kadhaa zilizopita. Wageni ndio walioligeuza jina la kabila kuwa jina la kazi. Wengi wa wanaobeba mizigo njiani siku hizi si Washerpa, bali ni Warai, Watamang na wengine kutoka vilima vya chini, na kuwaita Washerpa ni sawa na kumwita kila mtu wa pwani Mzanzibari.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati moja ambayo wageni wengine hawana: mfumo wa majina yao utamwingia mara moja. Washerpa wengi hupewa jina la siku waliyozaliwa. Dawa ni wa Jumatatu, Mingma wa Jumanne, Lhakpa wa Jumatano, Phurba wa Alhamisi, Pasang wa Ijumaa, Pemba wa Jumamosi na Nima wa Jumapili. Kwa hiyo ukikutana na Phurba na Pasang, umekutana na Hamisi na Juma.

Ni sahihi kumlipa mtu anibebee begi?

Ni sahihi, na kwa familia nyingi za vilima vya chini ni kipato cha mwaka, mradi masharti yawe ya haki. Mzigo wa wageni usizidi kilo 30 kwa mpagazi mmoja, na hizo zinahesabiwa pamoja na vitu vyake mwenyewe. Kabla ya kuondoka hakikisha ana viatu, koti, miwani ya jua na bima, na ujue atalala wapi. Mpagazi aliyetoka kijiji cha mita 1,000 huugua ugonjwa wa mwinuko kama wewe, na kumrudisha peke yake akiwa mgonjwa ni kosa ambalo limewahi kugharimu maisha. Waliosafiri na wapagazi wa Kilimanjaro, wanaojiita wagumu, wanayajua haya.

Utawaona pia wale wanaobeba bidhaa za maduka, ambao hulipwa kwa uzito na hubeba mizigo inayozidi sana hiyo, kwa kapu liitwalo doko lililoning'inizwa kwa ukanda unaopita juu ya utosi. Mkononi wana fimbo fupi yenye umbo la herufi T. Wanapotaka kupumzika huiweka chini ya kapu na kusimama wima, kwa sababu wakikaa, kunyanyuka tena ni kazi nyingine. Hao wapishwe daima.

Nikikutana njiani na yaki, ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu, nifanye nini?

Simama upande wa mlima, kamwe usisimame upande wa korongo, kwa kuwa mnyama hamwoni mtu akiwa na magunia mawili ubavuni na humsukuma bila nia mbaya. Kengele zao husikika mapema. Kwenye daraja subiri msafara wote umalizike. Daraja la nyaya halina nafasi ya kupishana na ng'ombe.

Wengi wa wanyama hao, kwa kweli, si yaki halisi bali ni chotara wa yaki na ng'ombe, waitwao dzopkyo, wanaostahimili miinuko ya chini. Na kwa kuwa yaki ni dume na jike lake huitwa nak, mwenyeji hucheka kimoyomoyo anapomsikia mgeni akiagiza jibini la maziwa ya yaki.

Kuna adabu gani za kuzingatia katika njia na vijiji?

Mawe yaliyochongwa maneno ya sala, yaitwayo mani, pamoja na stupa, hupitwa kwa kuyaacha upande wako wa kulia, yaani kwa mwelekeo wa mshale wa saa. Mara nyingi njia inagawanyika pande mbili za ukuta wa mani. Shika ya kushoto, hata ikiwa imepanda kidogo. Magurudumu ya maombi yanazungushwa kwa mwelekeo huo huo. Vibendera vya rangi tano, buluu, nyeupe, nyekundu, kijani na njano, vinahusishwa na anga, hewa, moto, maji na ardhi. Havirukwi wala havikanyagwi.

Ndani ya nyumba, usitupe taka kwenye moto wa jikoni, kwani moto huo unaheshimiwa. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu. Mlima Khumbila, unaosimama juu ya Khumjung kwa mita 5,761, ni makao ya mungu mlinzi wa eneo hilo na haupandwi, jambo ambalo mwandishi analiheshimu zaidi ya rekodi yoyote ya kilele.

Naweza kupitia Khumjung badala ya njia kuu?

Unaweza, na ukiwa na miguu mizuri siku hiyo ni vyema ufanye hivyo. Unapanda kwa nguvu kutoka Namche hadi Khumjung, mita 3,790, kisha unashuka na kuungana na njia kuu karibu na Sanasa. Siku inakuwa ndefu zaidi kwa saa moja au mbili. Utapata kijiji kamili: kuta za mawe zinazogawa mashamba, nyumba za mapaa ya kijani, na shule iliyofunguliwa na Hillary mwaka 1961, ambayo wanafunzi wake hutembea kutoka vijiji vya jirani kila siku kwa njia ambazo sisi tunaziita safari. Viazi unavyoviona mashambani vilifika Khumbu katika karne ya 19 na vikawa chakula kikuu.

Katika monasteri ya Khumjung huhifadhiwa kinachosemwa kuwa ngozi ya kichwa cha yeti, kiumbe wa hadithi za Himalaya. Mwaka 1960 Hillary aliruhusiwa kuipeleka nje ichunguzwe, na wataalamu wakaona imetengenezwa kwa ngozi ya serow, mnyama wa jamii ya mbuzi wa milimani. Bado huonyeshwa kwa wageni, na bado kijiji kinaitunza.

Chakula kikoje, na Mwislamu atakula nini?

Chakula cha kutegemewa ni dal bhat: wali, mchuzi wa dengu, mboga, na achari pembeni. Huongezwa ukimaliza, bila malipo mengine, na ndicho kinachowatembeza wenyeji. Kuna pia supu ya tambi iitwayo thukpa, mchuzi mzito wa viazi uitwao shyakpa, mayai, na chapati, ambayo haihitaji kutafsiriwa. Mpunga haulimwi Khumbu. Umepandishwa kwa migongo ya watu na wanyama, ndiyo maana bei hupanda kadiri unavyopanda wewe, na kubishana nayo ni kubishana na mlima.

Kuhusu nyama, ushauri ni mmoja kwa watu wa dini zote: iache. Kwa sababu za imani ya Kibuddha, kuchinja hakufanywi katika Khumbu, kwa hiyo nyama hubebwa siku kadhaa kutoka chini bila ubaridi wa kuaminika. Mwislamu anayekula dengu, mayai na viazi anaondokana na suala la uchinjaji na la tumbo kwa wakati mmoja. Kibla kutoka huko kinaelekea magharibi karibu kamili, hivyo upande jua linapozama unakuonyesha kwa makadirio.

Na maji?

Usinywe ya kijito bila kuyatibu, hata yakionekana safi, kwa kuwa juu yako kuna malisho. Tumia vidonge, chujio au maji yaliyochemshwa. Vitu vya plastiki vya kutumika mara moja vilipigwa marufuku katika manispaa hiyo mwaka 2020, na kununua chupa mpya kila kituo ni kuwaachia wenyeji taka isiyo na gari la kuizoa. Chukua chupa mbili imara. Usiku jaza moja maji ya moto, uiweke miguuni ndani ya begi la kulalia, na asubuhi uwe na maji ya kunywa.

Nivae nini kwa siku hii moja?

Tabaka nyepesi zinazovuliwa na kuvaliwa haraka. Katika mteremko wa kwenda Phunki Tenga unaweza kutoka jasho kwa shati moja, na dakika kumi baada ya kufika Tengboche ukatetemeka ukiwa na koti zito. Fulana ya pamba haifai, kwani hushika jasho na kuligeuza baridi. Viatu viwe vimeshazoewa na miguu kabla ya safari. Malengelenge ya siku ya kwanza hutembea nawe hadi ya mwisho. Kofia, miwani na mafuta ya kukinga jua ni ya kila mtu. Ngozi nyeusi nayo huungua kwenye mwinuko huo, hasa midomo.

Kuna umeme, mtandao na benki?

Benki na mashine za fedha zipo Namche. Baada ya hapo beba rupia taslimu. Kuchaji simu na kuoga maji ya moto hulipiwa, kwa haki kabisa. Umeme wa Namche na vijiji vya jirani hutegemea maji ya mto wa upande wa Thame, na mto huo una historia ya kutisha. Mwaka 1985 ziwa la barafu la Dig Tsho lilipasuka na kufagia kituo cha umeme kilichokuwa kinakaribia kukamilika, na tarehe 16 Agosti 2024 mafuriko kutoka maziwa ya juu yalibomoa sehemu kubwa ya kijiji cha Thame. Barafu inavyozidi kuyeyuka, maziwa ya namna hiyo huongezeka. Mgeni anayelalamika kwamba umeme umekatika angalau ajue unatoka wapi.

Maneno gani machache ya Kinepali yatanisaidia?

La kwanza ni bistarai, ambalo ni "pole pole" yao, na utalisikia kwa sauti ile ile ya kubembeleza. Ukalo ni kupanda, oralo ni kushuka. Pani ni maji, tato pani ni maji ya moto, chiya ni chai. Ukimaliza kula omba hisab, nawe utaletewa hesabu yako. Kitab, kalam na duniya nayo yatakuchekesha. Mwanaume aliyekuzidi umri mwite dai, mwanamke mwite didi, kama vile ungesema kaka na dada, kwani kumwita mhudumu kwa kumpigia vidole huko ni utovu wa adabu kama ilivyo kwetu. Kwa Washerpa, tashi delek ni salamu ya heri.

Nikishafika Tengboche, kuna nini cha kufanya?

Kupumzika kwanza, kisha kwenda monasterini. Ilianzishwa mwaka 1916 na Lama Gulu, ikabomolewa na tetemeko la mwaka 1934, ikajengwa tena, ikaungua mwaka 1989 kwa hitilafu ya umeme uliokuwa haujakaa muda mrefu tangu ufungwe, ikajengwa mara ya tatu na kuwekwa wakfu mwaka 1993. Alasiri watawa hufanya ibada, na wageni hukaribishwa kukaa kimya kando ya ukuta, viatu vikiwa nje na kamera ndani ya begi. Sakafu ni baridi mno. Vaa soksi nene. Katika majira ya Oktoba au Novemba, kwa kufuata mwezi mpevu, hufanyika sikukuu ya Mani Rimdu yenye ngoma za vinyago, na siku hizo nafasi za kulala hujaa mapema.

Asubuhi toka nje kabla ya saa kumi na mbili. Jua hugusa Everest na Lhotse kwanza, na kiwanja chote bado kikiwa gizani.

Je, nikikuta nyumba za wageni za Tengboche zimejaa?

Endelea hadi Deboche, dakika 20 hivi kwa kushuka katika msitu wa rododendroni na miti ya betula yenye ndevu za kuvumwani. Pako chini kidogo, hivyo usingizi huwa mzuri zaidi, na upepo haufiki kwa nguvu. Kuna nyumba ya watawa wa kike na nyumba kadhaa za kulala. Washa tochi ya kichwani ikiwa imepita saa kumi na moja na nusu jioni, kwa sababu chini ya miti hiyo giza huingia mapema na mawe ya njia hushika barafu.